Shibiri Moja ya Uzi Mwekundu

Jua lilikuwa limekalia kilele cha Mlima Mzee likisita kuzama, pale Ami Gencho aliponiita uani na kunitia kitu kidogo kiganjani. Kilikuwa uzi. Uzi mwekundu wa sufu, umezungushwa juu ya kijiti.

"Raiko, mpelekee mwashi Dimo kabla giza halijaingia," akasema. "Usiuzongoe. Usiukate. Na usimpe mtu mwingine, hata mkewe."

"Uzi tu, ami?"

"Uzi tu. Wewe ni tarishi au hakimu?"

Nikacheka, nikashika njia. Ami ndiye aliyetulea mimi na dada yangu baada ya baba kufariki, na katika nyumba ile hatukuzoea kumuuliza jambo mara mbili.

Nilijua mwashi Dimo anajenga nini. Mavuno yaliyopita, tanuri la ami lilipasuka mara tatu. Kila lilipopasuka, mitungi ya shaba iliinama, maji yakamwagika motoni, na maua ya waridi yaliyochumwa alfajiri ile yakaungua. Waridi halina subira. Lisipopikwa siku ile ile, jioni huwa majani matupu, roho yake imekwisha kwenda zake. Kwa hiyo ami alilivunja tanuri lote, akaamuru lijengwe upya tangu msingi. Asubuhi ya siku hiyo, hata mitungi ilikuwa imepakwa bati jipya na fundi bati mmoja mpita njia. Mtu mrefu, mkimya, bega lake la kushoto limeinama kwa uzito wa mkoba wa vyombo. Hakuna aliyemuuliza jina. Alipewa mkate na jibini, akashukuru, akaondoka.

Nilipofika katikati ya mashamba nikakutana na Naida, dada yangu, akirudi kupalilia. Alikuwa na miaka kumi na minane, na ulimi wake ulikuwa na miaka themanini.

"Shikamoo mheshimiwa tarishi! Unapeleka barua ya posa?"

"Napeleka uzi."

"Maskini. Wenzako hupeleka pete."

Alicheka, akapiga hatua, akajikwaa. Kigwe cha kubadhi lake la mguu wa kushoto kilikuwa kimekatika. Alisimama kwa mguu mmoja mbele yangu kama korongo, ameshika bega langu, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya mawe.

Ndipo nilipofanya nilichofanya.

Sisi, mwezi wa Machi, hufungana uzi mwekundu na mweupe kwa kutakiana afya. Mkono wangu umefunga uzi mwekundu juu ya mikono ya watu niwapendao tangu nilipokuwa mtoto. Haikunijia hata chembe ya wasiwasi. Nilitoa kisu, nikauzongoa uzi kidogo, nikakata shibiri moja, nikamfunga Naida kubadhi lake kwa fundo madhubuti.

"Na uwe na afya," nikamwambia, kama tusemavyo Machi.

"Amina, tarishi," akajibu, akaenda zake akirukaruka.

Mwashi Dimo nilimkuta kwenye msingi wa tanuri, peke yake. Wasaidizi wake alikuwa amekwisha kuwaruhusu. Aliupokea uzi kwa mikono miwili. Akaupapasa ule mwisho wake kwa kidole gumba. Polepole.

"Umekatwa?"

"Haujakatwa, fundi."

Akaniinulia macho.

"Raiko. Nakuuliza kama mtu anavyoulizwa mbele ya msalaba. Umekatwa?"

Shibiri moja! Ni nani angekubali kukaripiwa na ami yake kwa shibiri moja ya sufu?

"Haujakatwa," nikasema.

Aliutia uzi ule kwenye pengo kati ya matofali mawili, akalifunika kwa udongo, akalipiga kwa mwiko mara tatu. Halafu akavua kofia yake. Sikuelewa kwa nini mtu avue kofia mbele ya tofali.

*

Tanuri lilisimama. Halikutoa hata ufa mwembamba kama unywele.

Lakini Naida alianza kunukia.

Ulikuwa bado Aprili, na matumba ya waridi yalikuwa yamefumba kama ngumi za watoto wachanga. Hapakuwa na ua moja lililofunguka bonde zima. Hata hivyo, kila dada yangu alipopita mezani, harufu ya waridi ilimfuata. Si ile ya ua. Ilikuwa harufu ya mafuta yenyewe, nzito, tamu hadi kuumiza kichwa, ile itokayo baada ya moto.

"Umejipaka mafuta ya ami?" nikamtania. "Tone moja ni gari zima la maua, mwizi wewe!"

Hakucheka. Ulimi ule wa miaka themanini ulikuwa umenyamaza.

"Kaka," akaninong'oneza, "nikilala nasikia moto ukinguruma chini yangu. Miguu inaungua... na kichwa kinaganda. Inakuwaje mtu aungue na kuganda kwa pamoja?"

Akaanza kukonda. Mtindi hakuumaliza, mkate hakuugusa. Mganga wa mjini alisema ni damu kupungua. Ami alimpangusa paji la uso kwa maji ya waridi, kama tufanyavyo kwa wagonjwa, na mimi niliona Naida anavyokwepa kitambaa kile, kama mtu anayekwepa mkono wa asiyemjua.

Jambo moja zaidi niliona, nikalidharau. Alikuwa akilala na kubadhi la mguu wa kushoto.

"Fundo halifunguki," alisema.

*

Mavuno yakaja. Wanawake waliingia mashambani kukiwa bado na giza, umande ukidondoka, wakivunja maua kwa kidole gumba, tak, tak, tak, na kuyatia kwenye aproni. Jua likishapanda mafuta huruka, ndiyo maana waridi huchumwa na watu wasioona vizuri wanachokichuma. Na mwaka ule, mitungi ilitoa mafuta kama haijapata kutoa. Unajua kazi ilivyo: maua na maji ndani ya shaba, kifuniko juu, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika pipa la maji baridi, unarudi kuwa maji. Maji yale hupikwa mara ya pili, na ndipo kwenye shingo nyembamba ya chupa huelea utando wa kijani na dhahabu. Utando mwembamba kuliko ukucha. Mwaka ule ulikuwa mnene kama kidole.

"Tanuri la baraka!" ami alisema, akilipapasa kama mtu apapasaye farasi. "Dimo ana mkono wa malaika."

Alfajiri moja, katika wiki ya pili, nilikuwa peke yangu katika nyumba ya mvuke, ilimo mitungi na tanuri, nikichochea kuni. Ami alikuwa mashambani na mikokoteni. Nyimbo za wachumaji zilisikika kwa mbali, kisha upepo ukazigeuzia upande mwingine.

Kukawa kimya.

Nikasikia... chwa.

Nikadhani bomba linavuja. Nikaangalia. Kavu.

Chwa... chwa...

Zilikuwa nyayo. Nyayo za mtu aliyelowa, akitembea juu ya maua yaliyokwisha kupikwa, yale tunayoyamwaga nyuma ya tanuri. Harufu ikanijia usoni kama shuka. Nikageuka kuishika chupa isidondoke, na vidole vyangu vikashtuka.

Chupa ilikuwa baridi.

Mafuta halisi ya waridi huganda yakipata baridi. Ndivyo tunavyoyapima, kwa kuwa ya kughushi hayalali usingizi huo. Lakini chupa ile ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye moto mkali. Na ndani yake, mbele ya macho yangu, sindano nyembamba za mfano wa barafu zilikuwa zikiota kutoka kwenye kioo, moja baada ya nyingine, zikielekeana katikati.

"Nani?" nikauliza.

Nikasukuma ukuni mwingine motoni.

Mwanga wa moto ulipopanda, nilimwona. Alikuwa amesimama kati ya tanuri na ukuta, mahali ambapo hapana nafasi ya mtu kusimama. Mwanamke. Uso wake sikuuona, ila kusimama kwake nilikujua: uzito wote juu ya mguu mmoja, kama korongo. Moto ulikuwa mbele yake, na ukutani nyuma yake hapakuwa na kivuli chochote.

Yeye ndiye aliyekuwa kivuli.

"Kaka..." Sauti ilitoka chini, kwenye matofali. "Kigwe kinanibana."

Nikatazama mguu wake wa kushoto.

Uzi mwekundu.

"Nifungue, kaka. Kesho... sitaweza kukuomba."

Sikumbuki jinsi nilivyotoka. Nakumbuka mawe ya njiani, na mlango wa nyumbani, na Naida amelala kitandani macho wazi, akipumua kidogo, midomo ina rangi ya nta. Nilishika fundo la kubadhi lake. Sufu ile ilikuwa imekuwa ngumu kama waya. Nilijaribu kisu. Kisu kikavunjika ncha.

*

Mwashi Dimo alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Alipouona uso wangu, akakaa kitako palepale kizingitini.

"Ulikatwa," akasema.

"Shibiri moja."

"Nilikuuliza, Raiko. Nilikuuliza mara mbili."

"Niliona haya, fundi. Niambie ni nini!"

Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Jengo lisilosimama huomba kivuli. Baba zetu walifanya, na sisi tunafanya, wala hatusemi. Mtu anapimwa kivuli chake kwa uzi, saa ile kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa mwenyewe. Uzi unajengewa ndani. Siku ya arobaini yeye anakufa, na kivuli kinabaki kulishika jengo. Ami yako alinipa uzi wa mpita njia. Sikuuliza ni nani. Waashi hatuulizi."

"Fundi bati," nikasema.

"Mtu mrefu, bila shaka. Na ukiondoa shibiri moja kwenye mtu mrefu?"

Nikamwona tena akilini Naida njiani, ameshika bega langu, mfupi kuliko fundi yule kwa shibiri moja.

"Uzi haujui majina," akasema Dimo. "Unajua urefu. Na kipande ulimfunga mwenyewe, kwa mkono wako, kwa dua yako."

Nikahesabu siku kwa vidole, kutoka jioni ile. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Ni leo," nikasema.

"Ni leo. Jua likipanda hata kivuli chake kiwe sawa naye, basi. Chukua nyundo yangu. Mimi mkono wangu hautainuka."

Nilipofika nyumba ya mvuke jua lilikuwa limekwisha kutoka. Mikokoteni ilikuwa imejaa mlangoni, magunia ya waridi ya kijiji kizima, na wanawake wakiteremsha mizigo huku wakitupiana maneno.

"Raiko, mbona umebeba nyundo? Waridi hupigwa siku hizi?"

"Mwache, anakwenda kumposa mwashi!"

Nikawapita. Mitungi yote minne ilikuwa ikichemka. Ami Gencho akasimama mbele yangu, mikono imepanuliwa.

"Weka chini."

"Ami, nipishe."

"Una wazimu? Haya ni maua ya watu themanini!"

"Ami, uzi uliokuwa wa fundi bati... niliukata. Uliomo humo ni Naida."

Rangi ikamtoka usoni. Akapiga ishara ya msalaba. Kwa muda wa pumzi moja nilimwona ami yangu aliyetubeba mabegani siku ya maziko ya baba. Akageuza kichwa, akaiangalia chupa. Mafuta yalikuwa yamefika nusu ya shingo. Hapana mtu katika bonde letu aliyepata kuona mafuta yakifika nusu ya shingo.

"Ngoja," akasema kwa upole. Kwa upole kabisa, kama mtu ambembelezaye mtoto. "Ngoja tu huu mtungi mmoja umalize."

Nikatazama mlangoni. Kivuli cha mwimo kilikuwa kikijivuta sakafuni, kikifupika.

Nikamsukuma ami yangu mlezi. Nikapiga.

Tofali la kwanza lilipovunjika, kitu ndani ya tanuri kilivuta pumzi. Nilipiga tena. Mtungi ukainama, ukaanguka, maji ya moto na maua yaliyoiva yakamwagika juu ya makaa, na moshi wenye harufu ya waridi ukatuziba macho. Wanawake walipiga kelele. Nilipiga bila kuona. Nilipapasa matofali yaliyoiva kwa moto, ngozi ya viganja ikibaki juu yake, hata vidole vikagusa kitu laini.

Kibichi. Baridi. Kimelowa umande.

Uzi ulitoka mzima katikati ya moto wa siku kumi na tatu. Niliuvuta, ukaja, ukaja... na ulipofika mwisho nikapatafuta mahali nilipoukata kwa kisu changu. Sikupaona. Shibiri yangu ilikuwa imerudi mahali pake. Hapakuwa na fundo, hapakuwa na kovu, ni sufu moja tangu mwanzo hata mwisho.

Nilikimbia nyumbani na uzi mkononi. Naida alikuwa ameketi kitandani. Kubadhi lilikuwa limeanguka sakafuni, wazi, halina kigwe.

"Kaka," akasema, "unanuka moshi. Na mbona hakuna mtindi nyumba hii?"

Nikalia. Yeye akanicheka, kwa ule ulimi wake, na nilidhani yamekwisha.

Adhuhuri alitaka kuota jua. Nikamshika mkono, tukatoka uani. Jua la Juni lilikuwa juu ya vichwa. Kivuli changu kilikuwa kimejikunja miguuni kama paka.

Cha Naida kilikuwa kimelala chini, kirefu, kama cha saa za jioni. Kilimzidi yeye mwenyewe kwa shibiri moja. Na bega la kushoto la kivuli kile lilikuwa limeinama, kama la mtu aliyebeba mkoba mzito.

*

Mwaka umepita tangu siku hiyo. Naida anakula, anafanya kazi, anatania. Saa zote, asubuhi na mchana, kivuli kile hakirefuki wala hakifupiki. Amejifunza kukaa penye miti. Ami haingii tena nyumba ya mvuke, na hasemi nami ila kwa salamu. Ile chupa ya asubuhi ile ipo rafuni. Mafuta yaliyoganda ndani yake hayakuyeyuka hata Agosti.

Majira haya ya kuchipua, mchana mmoja, nilisikia wito barabarani.

"Masufuria! Napaka bati masufuria!"

Alisimama langoni, mrefu, na mkoba begani. Nilitazama ardhi kabla ya kumtazama usoni. Jua lilimpitia, likaangaza mavumbi yaliyo nyuma yake. Hapakuwa na kivuli chini ya miguu yake.

"Bwana," nikamwambia, "uzi wako ninao. Nitakupa sasa hivi. Uchukue, na... na kile kingine uchukue."

"Uzi ni wenu," akanong'ona. "Mimi sikuupima."

Naida akatoka mlangoni kuona ni nani. Kivuli kilimtangulia, kwa mara ya kwanza kikajinyoosha uani, kikafika langoni, kikakoma penye vidole vya miguu ya mtu yule. Fundi bati akakiangalia kwa muda mrefu, kama mtu aonaye koti lake likiwa limevaliwa na mwingine.

"Kinamfaa," akasema. "Naona baridi, lakini kinamfaa. Na akae nacho mpaka maua yaishe."

Akaenda zake. Hakuuliza kazi, wala hakuomba mkate.

Mavuno ya mwaka huu ni ya wiki tatu, na leo ndiyo siku ya mwisho. Imebaki safu moja, ile iliyo karibu na lango. Nimewaambia wachumaji wasiiguse. Wamenicheka, wameniita bwana harusi wa waridi, wameondoka na magunia yao. Nimeketi hapa tangu alfajiri nikiilinda, maana maua yakiisha fundi bati atarudi kuchukua kivuli chake, Naida hana kingine, na nimekwisha kuona jua linavyompitia mtu asiye na kivuli.

Lakini waridi halingoji kuchumwa. Usipolishika wewe, hudondoka lenyewe.

Hapana upepo leo. Hata hivyo, nayasikia...

Tak.

Tak.